Solo Iliyosomewa Salamu

Siku ile nilipaswa kusema, "Hapana, Mama Salome, salamu zisubiri wimbo unaofuata." Ni sentensi fupi, hata mtoto angeimaliza bila kuvuta pumzi. Badala yake nilisema, "Sawa, mama," nikaweka kidole kwenye kitelezo cha kupandishia na kushushia sauti ya gitaa, nikakishusha taratibu na kwa ustadi, kama nilivyozoea. Sasa nimestaafu, na katika yote niliyoyafanya kazini, hicho ndicho kitendo ninachokirudia kichwani bila kutumwa na mtu.

Naandika haya kwa ajili yenu mnaobaki studio. Mliniaga kwa pilau, keki na saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kidogo kwa mtu aliyetazama saa ya ukutani maisha yake yote akisubiri taarifa ya habari. Niliitundika sebuleni. Mke wangu ameitoa betri, kwa sababu kila ilipokaribia saa kamili nilikuwa nawanyamazisha wageni.

Mliniomba niandike nilivyofanya kazi. Vyeo nitaviruka, vilikuwa viwili na vyote vilifika vimechelewa. Mshahara mnaujua. Nitaandika juu ya gitaa, hasa juu ya ile sehemu ya wimbo wa roki ambapo mwimbaji ananyamaza na watu wengi hudhani wimbo umepumzika.

Sikuanzia redioni. Nilipomaliza kidato cha nne na jina langu kutoonekana popote, mjomba alinipeleka kwa Bwana Jayanti, Mhindi aliyekuwa na duka la kuuza na kutengeneza redio karibu na soko la Majengo. Mbele ya duka walikaa akina mama wauza mtama na karanga. Walipopepeta, pumba zote ziliingia kwetu na kutua juu ya redio. Siku ya kwanza nilipewa brashi laini nikaambiwa nisafishe. Nikasafisha mpaka mchana. Kisha Bwana Jayanti akaweka santuri kwenye mashine, akakaa, akaniuliza:

"Unasikia nini?"

"Muziki, bwana."

"Muziki hata mbuzi anasikia. Nakuuliza wewe."

Ilikuwa kelele ya magitaa iliyonguruma kama lori linalopanda mlima na gia imekataa. Nilidhani spika imechanika, nikamwambia hivyo. Akacheka mpaka mama mmoja wa karanga akachungulia.

"Haijachanika. Huyo anapiga hivyo kwa makusudi. Sasa ngoja, mwimbaji atanyamaza. Umesikia? Amekwenda kunywa maji. Sasa wenye nyumba wanaanza kuongea."

Santuri zile alitumiwa na ndugu yake wa ng'ambo, sanduku zima, apate kuuza. Hakuuza hata moja. Dodoma ya wakati ule ilitaka dansi, rumba na kwaya. Hakuna aliyetaka picha ya wanaume wenye nywele ndefu waliovaa ngozi kama hawajui jua ni nini. Basi akawa anazitumia kupima spika zilizotengenezwa. Wateja wetu wakubwa walikuwa makanisa. "Spika ikivumilia hii," alikuwa akisema, "itavumilia mahubiri."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza muziki mzito wa magitaa, mimi mtoto wa mkulima wa mtama, nikiwa nimeshika bisibisi. Sikujua maneno ya nyimbo zile na sikuyahitaji. Nilijua solo. Kwa kuwa nilizisikiliza ili kupima spika, nilizisikiliza tofauti na mtu anayetaka kucheza. Zile maarufu, zenye mbio na mbwembwe, hazikuwa na faida kwangu, maana noti zilipita kabla sijajua kama spika imezishika. Nilipenda zile zilizosahauliwa. Kulikuwa na moja fupi katika wimbo wa mwisho wa upande wa pili, pale ambapo hata waliotengeneza santuri walishachoka, ambamo mpiga gitaa anashika noti moja na kuiacha ilie mpaka inakaribia kukatika, kisha anaigeuza kidogo tu, kama mtu anayegeuza chapati. Nyingine ilipigwa na gitaa la pili, yule ambaye pichani anasimama nyuma na jina lake huandikwa dogo. Nyingine ilikuwa na kosa. Kidole kiliteleza, na badala ya kurudia wakaliacha kosa, kisha mpigaji akalirudia makusudi mara ya pili ili lionekane lilikuwa lake. Nilimheshimu sana mtu yule.

Na kuna zile zinazofifia. Mtazisikia hata leo. Wimbo unakwisha, sauti inashushwa polepole, na ni wakati huohuo mpiga gitaa anapoanza kusema jambo la maana. Unamsikia anaondoka, kama mtu anayekupigia kelele kutoka kwenye gari lililokwisha kuanza safari. Bwana Jayanti alikuwa anapandisha sauti ya mashine kadiri wimbo ulivyoshuka ili amfuate mpaka mwisho, na mara nyingine santuri ilikwisha tukabaki na mngurumo wa mashine tu, duka zima linatetemeka na hakuna muziki. Mama wa karanga alikuwa anauliza, "Wahindi, mnasikiliza nini?" Alituita wote wawili hivyo.

Bwana Jayanti alipoamua kufunga duka na kuwafuata watoto wake Dar es Salaam, aliniachia sanduku la santuri na redio chache mbovu. Akaniombea kazi redioni pia. Akamwambia mkuu wa vipindi, "Huyu ana masikio." Mkuu wa vipindi alikuwa Mama Salome, mwanamke mnene mwenye sauti ambayo wasikilizaji waliipenda kuliko sauti za waume zao. Akanitazama akasema, "Masikio nayaona. Mikono je?"

Mikono ilifundishwa. Enzi hizo tulirekodi kwenye kanda kubwa za gurudumu. Ukitaka kuondoa neno, unaizungusha kanda kwa mkono hadi ulisikie, unaweka alama kwa kalamu ya nta, unakata kwa wembe, unaunga kwa utepe. Nimekata vikohozi vya wageni rasmi wengi ambao hadi leo wanaamini hawakukohoa. Adui yetu alikuwa vumbi. Mnajua upepo wa hapa unavyolibeba kuanzia mwezi wa saba. Liliingia kwenye vitelezo vya meza ya sauti na kuvifanya vikwaruze, kwa hiyo kila asubuhi nilisafisha kwa pamba na spiriti. Spiriti ilikwisha haraka kuliko kazi ilivyohitaji, na mlinzi wetu wa wakati ule alikuwa mtu mchangamfu sana.

Ninyi mnaopokea salamu kwa simu hamkuziona kadi. Msikilizaji alinunua kadi, akaandika majina ya anaowasalimu na ujumbe mfupi, akaileta au kuituma. Mama Salome alizisoma hewani, na katika mji huu watu walisubiri majina yao kuliko walivyosubiri mvua. Lakini kadi zilikuwa nyingi na saa ni ileile, basi studio yetu ikawa na desturi yake: mwimbaji akinyamaza, soma. Solo ndiyo ilikuwa mkeka wa salamu. Mpiga gitaa alipoanza tu, mimi nilimshusha, Mama Salome akapita juu yake na majina yake yote, na mwimbaji alipokaribia kurudi nilimwinua tena, bila mshtuko. Nilikuwa hodari. Mafundi kutoka redio nyingine walikuja kutazama kidole changu. Mama Salome alisema gitaa langu linashuka kama bibi harusi anayekaa. Nilizipenda solo kuliko mtu yeyote mkoani, na ndimi niliyezikalia zaidi. Wakati ule sikuona hitilafu yoyote katika hilo.

Nilipokuwa nimezoeleka, nikaomba kipindi cha muziki wa roki. Mama Salome akafikiri, akanipa Jumamosi alasiri, saa ambayo watu wako harusini au sokoni. "Weka hao wendawazimu wako," alisema, "lakini salamu zangu zisomwe." Kipindi tulikiita Saa ya Nyaya, kikadumu miaka mingi kuliko vipindi vingi vya watu wenye akili timamu. Hilo ninajivunia. Walitusikiliza madereva wa malori, wanafunzi wa sekondari, mafundi gereji, na mchunga ng'ombe mmoja aliyetuandikia kutoka njia ya Kondoa kwamba ng'ombe wake hutulia wakisikia magitaa hayo lakini hukimbia wakisikia taarabu. Mwinjilisti mmoja aliandika kwamba muziki ule ni wa shetani, akaomba turudie wimbo wa pili ili awaonyeshe vijana wake.

Ndahani alikuja kwa sababu ya kipindi hicho. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, anaishi Msalato, wakati huo Msalato bado mashamba na vichaka, kabla ya habari za uwanja wa ndege. Aliingia mapokezi amebeba kichwani amplifaya iliyoungua, kama mtu anayebeba kuni, akanisalimu kwa Kigogo.

"Mbukwa, fundi."

"Mbukwa, kaka. Huo mzigo vipi?"

"Umekufa. Nimesikia wewe unafufua."

"Uliufanyia nini?"

"Nilitaka ulie kama wale wa Jumamosi. Nikafungua sauti yote. Ukalia mara moja tu."

Nikacheka, nikamkaribisha. Baba yake alikuwa mpiga zeze, na Ndahani alikuwa amehamisha vidole vya zeze kwenye gitaa la umeme lenye shingo iliyopinda. Nilimtengenezea amplifaya. Kisha, kwa vipuri vya redio mbovu zilizobaki za Bwana Jayanti, nikamtengenezea kisanduku cha bati cha kukwaruzisha sauti, chenye swichi ya taa ya nyumbani, ili asiunguze kitu tena. Alipokikanyaga mara ya kwanza, alitazama chini kama aliyekanyaga nyoka, kisha akatabasamu taratibu.

"Fundi, hiki kitatufukuzisha kijijini."

Alikuwa na wenzake wawili, wa besi na wa ngoma, na kundi lao waliliita Kiangazi. Walifanya mazoezi kwenye karakana ya kuchomelea, na jioni nyingi baada ya kazi nilipanda baiskeli kwenda huko. Tulibishana sana. Yeye alisema solo nzuri ni ile inayosema jambo moja tu. Mimi nilisema lazima ipande. Alisema, "Wewe ni mtu wa redio, unataka kila kitu kiishe kabla ya habari." Nilimpenda kama ndugu, na sikuwa na ndugu wengi wa kubishana nao kuhusu mambo ya aina hiyo.

Mwaka ule nikamwomba Mama Salome tuwalete Kiangazi studio wapige moja kwa moja hewani, wimbo mmoja, Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi. Akakubali. Ndahani aliutunga wimbo huo wakati wa palizi akaubeba hadi Desemba. Alituma habari nyumbani. Ukoo wote ungekaa kwenye redio ya baba mkwe, na mama mkwe ndiye aliyesubiriwa zaidi, kwa sababu tangu mwanzo alisema binti yake ameolewa na mtu anayecheza na nyaya.

Siku ilipofika, Krismasi ilikuwa imetujazia kadi gunia zima, na mahubiri ya mchana yalikuwa yamekula muda wa kipindi. Kiangazi walikuwa kwenye chumba kikubwa wakifunga vifaa. Mama Salome alikuja chumba cha mitambo na kadi zimemjaa mkononi.

"Fundi Mathayo, huo wimbo wa hawa vijana, una sehemu isiyo na maneno?"

"Ipo, mama. Solo."

"Ndefu?"

"Ndefu."

"Ndefu hiyo ndiyo ninayoitaka. Watu wamelipia kadi wasalimiane kabla ya sikukuu. Mimi nisipowasoma leo watakuja kunisoma mimi."

"Mama, huyu amejiandaa miezi..."

"Nani anaimba hapo?"

"Hakuna anayeimba."

"Basi hakuna anayekatizwa. Na mkono wako ninaujua, mwanangu, hata hawatagundua."

Hapo ndipo niliposema sawa. Naomba mlielewe vizuri, kwa sababu ningeweza kusingizia amri. Mama Salome hakuwa mtu mbaya, alikuwa na gunia la kadi. Ningekataa, angenuna hadi Jumatatu, yakaisha. Nilikubali kwa sababu aliusifu mkono wangu. Tena kulikuwa na njia ya kati. Hata kama salamu zingekwenda hewani, ningeweza kuchukua waya wa bendi kabla haujaingia kwenye meza ya sauti nikaupeleka kwenye kinasa sauti, tukabaki na kanda safi. Waya wa kufanyia hivyo ulikuwa umetundikwa msumarini nyuma yangu. Sikuugusa. Nilitaka kanda irekodi kipindi kama kilivyotoka hewani, gitaa na salamu pamoja, ili siku moja niwaonyeshe wengine jinsi kazi inavyofanywa.

Wakaanza. Ubeti wa kwanza, wa pili, Ndahani akaimba kwa Kigogo na Kiswahili, sauti yake si kitu. Kisha akakanyaga kisanduku, akafumba macho. Nikashusha. Mama Salome akaanza, sauti tamu kama siku zote: salamu kutoka kwa Hamisi wa Majengo sokoni, zimfikie shemeji yake Rehema, zimfikie Mama Grace muuza mafuta ya alizeti popote alipo, na ujumbe unasema, nani kawaambia tumeachana?

Mimi nilikuwa nimebonyeza kitufe cha kusikiliza gitaa peke yake kwenye hedifoni. Ndivyo nilivyofanya siku zote, nijue solo inakaribia kuisha lini. Kwa hiyo nilisikia kila kitu. Alianza kwenye uzi mnene kwa noti tatu, akazirudia bila haraka, mpaka mpiga ngoma akageuka kumtazama. Kisha akaanza kuzivuta. Alivuta uzi ukaikaribia noti ya juu lakini hakuifikisha, akauacha palepale chini yake kidogo, mahali ambapo zeze la baba yake lilikaa na ambapo piano haina kitufe. Hakwenda mbio hata mara moja. Katikati alinyamaza kabisa, nikadhani amesahau, nikataka kuinua kitelezo. Kisha zile noti tatu zikarudi, juu, zinanguruma, zote zimepinda. Niliinuka kitini bila kujua. Kidole changu bado kilikuwa kimemshikilia chini, na juu yake zilikuwa zinapita salamu za wafanyakazi wote wa mashine ya kusaga.

Aliporudi kuimba nikamwinua, bila mshtuko.

Ndahani alitoka jasho linamtiririka, akanikumbatia. Yeye chumbani alijisikia mwenyewe, hakujua kitu. "Umeisikia?" aliniuliza. Nikasema nimeisikia. Ilikuwa kweli. Wakafunga vifaa wakaenda zao.

Jumatatu alirudi. Hakukaa.

"Mbukwa, fundi."

"Mbukwa, kaka. Za nyumbani?"

"Nyumbani wazima. Mama mkwe alikaa na redio mapajani tangu mchana. Sasa anajua kwamba Hamisi hajaachana na mke wake. Mimi bado hanijui."

Nikaanza kueleza: Krismasi, kadi, desturi ya studio. Akanisikiliza mpaka mwisho, jambo lililonitesa zaidi.

"Njoo Jumamosi hii," nikamwambia. "Upige tena, sitaruhusu mtu apumue."

"Ile nimeibeba tangu palizi. Nimeshaitua. Hairudi kichwani."

"Basi piga nyingine."

"Ili nani asalimiwe?"

Akaweka kile kisanduku cha bati juu ya meza yangu, polepole, kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani. Akaniaga vizuri. Ndahani alikuwa mtu wa adabu. Nilikwenda karakana mara kadhaa, nikamkuta anachomelea mageti, barakoa usoni, na kelele ya mashine ikawa sababu ya kutoongea. Gitaa aliliuza. Nikaacha kwenda.

Miaka iliyofuata nilifanya kazi nzuri kuliko iliyotangulia, na sioni aibu kulisema. Niliiondoa desturi ile. Ilinichukua kubishana na Mama Salome msimu mzima, lakini siku moja alinitazama na kusema, "Tangu yule mchomeleaji umekuwa mkaidi," akakubali salamu zisomwe kati ya nyimbo. Siku ya tamasha la kwaya, umeme ulipokatika, niliendesha mitambo kwa betri ya lori, na kwaya saba zikarekodiwa bila kupoteza hata ubeti. Kompyuta zilipokuja nilijifunza nikiwa na miwani, nikifundishwa na watoto niliowafundisha kusafisha vitelezo. Nimefundisha vijana ambao leo wanakaa kwenye studio kubwa kuliko yetu, na kila mmoja wao nilimkalisha siku ya kwanza nikamwekea santuri ya Bwana Jayanti nikamuuliza, unasikia nini? Mkimsikia mtangazaji popote nchini akinyamaza solo inapopita, inawezekana aliyekaa kwenye mitambo ni wangu. Hilo naliona kubwa kuliko saa ya ukutani.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, binti mmoja alishuka kwenye bajaji mbele ya lango. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu kule Chimwaga.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nikusaidie nini?"

"Naitwa Neema Ndahani. Baba alikuwa anatuambia alipiga gitaa redioni. Sisi tulikuwa tunamcheka, tunamwambia baba, wewe na mageti wapi na gitaa wapi. Alifariki mwaka jana. Nikasema nije niulize, labda ipo."

Sikuwa nimesikia kwamba amekufa. Kutoka studio hadi Msalato si safari ya kumshinda mtu mwenye baiskeli, na mimi nilikuwa na baiskeli.

Kanda ilikuwepo. Niliihifadhi miaka yote, safi, imefungwa dhidi ya vumbi. Nilimkalisha kwenye kiti changu, nikamvika hedifoni, nikawasha. Ubeti wa kwanza alitabasamu, machozi yakamjaa. "Ni baba huyu! Jamani, anaimba vibaya hivi!" Kisha solo ikaanza, na Mama Salome, ambaye naye ameshatangulia, akaanza kusoma. Neema alicheka kwenye ujumbe wa Hamisi. Akangoja. Akaendelea kungoja. Akatoa sikio moja nje.

"Babu, na baba yuko wapi hapa?"

"Yuko chini."

Zawadi, mwenzenu mnayemjua kwa ujuzi wa kompyuta, alijitolea. Siku hizi kuna programu ya kutenganisha sauti ya mtu na ala. Alikaa nayo siku mbili, Neema akirudi kila mchana baada ya vipindi vyake. Tatizo ni kwamba gitaa la kukwaruza na sauti nzito ya mwanamke vinakaa mahali pamoja, na mimi nilikuwa nimelishusha gitaa vizuri mno. Zawadi alipoziondoa salamu, gitaa liliondoka nazo. Kilichobaki kilikuwa kama mtu anayeita kutoka ndani ya tangi la maji.

"Pole sana, dada," Zawadi alisema. "Fundi alifanya kazi safi. Hakuacha pengo hata moja."

Alikusudia kunisifu.

Neema akanigeukia. "Lakini wewe uliisikia, babu. Ilikuwaje?"

Nikajaribu kumwimbia. Zile noti tatu za mwanzo nilizipata. Nikajaribu pale anapovuta uzi na kutoifikisha, nikaikuta noti ya kawaida, ya piano. Nikarudia. Nikanyamaza katikati, kama yeye alivyonyamaza, na baada ya ukimya huo sikupata chochote. Sikio langu la kulia lina mlio kwa miaka kadhaa sasa, ugonjwa wa kazi yetu, na mlio huo umekalia mahali palepale. Nikampa kisanduku cha bati chenye swichi ya taa. Akashukuru, akakiweka kwenye mkoba wa vitabu, akarudi Chimwaga.

Uamuzi ule ulinigharimu rafiki aliyekufa bila kurudi kubishana nami. Ulimgharimu yeye gitaa lake na heshima aliyoisubiri ukweni. Na solo bora kuliko zote nilizowahi kuzisikia, kwenye santuri au nje ya santuri, ilisikika safi na mtu mmoja tu mwenye hedifoni. Mtu huyo ni mimi, na nimeisahau.